Kisanduku Ambacho Sikukichora

Nina neno moja nililolisema mbele ya watu saba mwaka 2016, na mpaka leo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilidhani litashuka lenyewe. Halikushuka. Basi nimeona niliandike hapa, pamoja na habari ya kazi yangu iliyolizaa, maana bila kuijua kazi hiyo huwezi kujua neno lenyewe lilikuwa na ubaya gani. Wanaochoshwa haraka na mambo ya kompyuta nawaomba wavumilie. Nitajitahidi kusema kama mtu anayezungumza barazani.

Mimi ni mwandishi wa programu. Si mtaalamu mkubwa, ni fundi tu wa hizi fomu ambazo siku hizi kila ofisi inakuambia ukajaze mtandaoni. Unazijua: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, kisha kitufe cha Tuma. Wewe ukishabonyeza unaendelea na mambo yako. Huko nyuma ya kitufe ndiko ninakoishi mimi.

Huko nyuma mwanafunzi, au mgonjwa, au mkopaji, si mtu tena. Ni kitu. Ndivyo tunavyokiita kabisa, kitu, na kitu kina sifa: jina lake ni sifa, simu yake ni sifa, anadaiwa au hadaiwi nayo ni sifa. Kazi ya fomu ni kuyachukua maneno uliyoandika kwenye visanduku na kuyafikisha kwenye sifa za kitu hicho. Zamani fundi aliyahamisha kwa mkono, mstari kwa mstari: chukua kilichoandikwa kwenye kisanduku cha jina, weka kwenye jina, chukua cha simu, weka kwenye simu. Fomu ya visanduku arobaini ilikuwa mistari arobaini na usingizi mwingi. Ndipo vikaja viunzi, yaani programu zilizokwisha kujengwa nusu, ambazo wewe fundi unazimalizia. Spring ya watu wa Java ilitoa toleo lake rasmi la kwanza mwaka 2004, na mwaka huohuo Mdenmark mmoja, David Heinemeier Hansson, akawapa watu Ruby on Rails. Viunzi vya namna hii vilitutua ule mzigo. Kiunzi kinatazama jina la kisanduku, kinatafuta sifa yenye jina kama hilo, kinaweka. Basi. Fomu imefungwa na kitu kama ng'ombe alivyofungwa na jembe la kukokota, nawe unakwenda zako kunywa chai.

Hebu mfikirie karani wa masijala aliyekaa mbele ya kabati la vijumba vidogovidogo, kila kijumba na kibandiko chake. Watu wanampitishia bahasha dirishani. Bahasha imeandikwa SIMU, anaitia kijumba cha SIMU. Imeandikwa ANWANI, anaitia kijumba cha ANWANI. Karani huyu ana bidii ya ajabu, hachoki, hali rushwa, hakwambii njoo kesho. Ana kasoro moja tu. Haulizi kama bahasha hii tuliiomba. Anauliza kama kijumba chenye jina hilo kipo.

Chuo kimoja cha mkoani, sitakitaja na wala haisaidii kukitaja, kilinipa kazi ya kuwatengenezea mfumo wa usajili. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka kuoa juzijuzi, na nilikuwa na kiburi kile cha kuandika majina ya sifa zangu kwa Kiswahili wakati wenzangu wote wanaandika kwa Kiingereza: jinaKamili, nambaYaSimu, adaImelipwa. Nikijiona mzalendo! Kiburi hicho kilikuja kumrahisishia mtu kazi.

Ukurasa wa mwanafunzi ulikuwa na fomu fupi ya kurekebisha taarifa zake. Visanduku vitatu: simu, anwani, jina la mdhamini. Chini yake yalikuwapo maandishi tu, ya kusoma kwa macho: Ada imelipwa: HAPANA. Mhasibu peke yake ndiye aliyepewa ukurasa wa kulibadili neno hilo, baada ya kuiona stakabadhi ya benki. Nilijiona nimefanya kazi safi. Kumbe visanduku vile vilikuwa vitatu machoni pa watu tu. Karani wangu huko nyuma hakuambiwa ni vingapi. Kwake yeye kitu mwanafunzi kilikuwa na vijumba vyote, cha ada kikiwamo, na vyote vilikuwa wazi.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili aligundua. Baba yake mkulima wa korosho, fedha za msimu zilikuwa hazijatoka, na mitihani inaanza Jumatatu. Bila ada hupati kibali cha kuingia chumba cha mtihani. Akafungua msimbo wa ukurasa ndani ya kivinjari, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya, ni kubonyeza upande wa kulia wa kipanya tu, akayakuta maandishi yale ya ada yamebandikwa jina adaImelipwa, kwa Kiswahili fasaha cha fundi mzalendo. Akaongeza kisanduku cha nne kwa mkono wake. Ndani yake akaandika kuwa ni kweli. Akabonyeza Tuma. Karani akapokea bahasha, akatazama kabati, akaona kijumba kipo, akaitia.

Kijana akafanya mitihani yake. Wiki ya tatu mhasibu akilinganisha mfumo na taarifa ya benki akakuta jina moja lina NDIYO isiyo na stakabadhi.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku ya Alhamisi. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, ambaye hakutaka kumwonea mtu. Akanigeukia: "Mwanangu, wewe ndiye fundi. Tuambie kwa lugha tunayoielewa sisi. Mfumo huu ulivunjwa?"

Nikajibu, "Ulivunjwa, mama."

Ndilo neno lenyewe.

Kijana hakubahatisha nenosiri la mtu. Hakuingia kwa jina la mhasibu. Aliingia kwa jina lake, akafungua ukurasa wake, akatuma fomu. Mfumo uliombwa ukakubali. Yeye mwenyewe alijaribu kuwaeleza: "Mama, mimi nilijaza fomu tu." Watu wakacheka, wengine wakatikisa kichwa kwa ufidhuli ule. Mimi peke yangu mle chumbani nilijua kwamba amesema kweli tupu, na nikatazama meza.

Katika kanuni za chuo kile, aliyedanganya kuhusu ada alizuiliwa matokeo mpaka alipe, na barua ya onyo. Aliyevunja mfumo wa kompyuta alisimamishwa mwaka mzima. Akasimamishwa mwaka mzima. Usiku uleule nikakaa nikaandika mstari mmoja wa kumwambia karani kwamba fomu ile inaruhusiwa bahasha tatu tu, simu, anwani na mdhamini, nyingine yoyote aitupe. Hazikupita dakika kumi. Asubuhi wakaniuliza umefanya nini, nikasema nimeimarisha ulinzi. Wakanishukuru!

Kijana hakurudi mwaka ulipokwisha. Hilo nimekuja kuambiwa baadaye.

Rafiki yangu mmoja, naye fundi, nilipomsimulia alinijia juu. "Wewe nawe! Mlango wazi si karibu. Mtu akisahau kufunga nyumba, anayeingia kubeba redio si mwizi?" Ni mwizi, nakubali. Sitaki nionekane mtu wa kutetea kila kitu kwa sababu ya umaskini wa baba wa mtu. Lakini mfano wa nyumba nimeugeuza huku na huku na hauketi. Nyumba haikuulizi swali. Fomu ni swali. Mwenye fomu ndiye aliyekuja kwako na karatasi akasema nijibu, na ukijibu lisiloulizwa ni kazi yake kusema hili sikukuuliza. Mfano ulio karibu zaidi nauona dukani. Muuza duka amekosea hesabu, amekurudishia chenji ya elfu kumi badala ya elfu tano. Ukiondoka nayo umefanya vibaya. Lakini hakuna atakayesimama sokoni kupiga kelele kuwa umevunja duka.

Kisha nikajiuliza jambo jingine. Tuseme kijana yule angetumia njia ileile, kisanduku kilekile cha kujichorea, kusahihisha jina lake lililokosewa na mwandikishaji. Angekuwa amekosa nini? Labda utaratibu. Basi ubaya haukuwa katika njia. Ubaya ulikuwa katika maneno aliyoyatia: nimelipa, na hajalipa. Ulikuwa uongo, uongo wa kawaida kabisa, wa kale kuliko umeme. Nao ulikuwa na adhabu yake katika kanuni, adhabu ndogo, kwa kuwa waliozitunga kanuni walijua vijana huwa wanasema uongo kuhusu ada. Mwaka mzima ule alioupoteza ulitoka kwangu. Uongo wake ulimpa barua ya onyo, na wa kwangu ukamfukuza.

Msomaji atasema: hukudanganya, ulikosea kuchagua neno. Nimelitumia sana kimbilio hilo. Lakini nilijua. Mama aliponiuliza nilikwisha kuitazama programu yangu siku mbili kabla, na nilikwisha kuona kwamba mstari ule haukuwapo. Ningesema "Haukuvunjwa mama, niliuacha wazi," ningepoteza malipo ya awamu ya pili. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo.

Siku hizo nilikuwa nimekwisha kusoma habari ya Mrusi mmoja, Egor Homakov. Mwaka 2012 kijana huyu aliwaambia wenye Ruby on Rails kwamba karani wao anapokea kila bahasha, na kwamba hivyo ndivyo alivyo mtu anapoanza kazi, mpaka fundi akumbuke kumpa orodha. Wakamjibu, kwa ufupi, kuwa hilo ni jukumu la fundi. Njia ya kutoa orodha ipo, asiyeitumia ajilaumu. Wakalifunga shauri. Sasa kuna mtandao mkubwa wa kutunzia programu, GitHub, ambao wenyewe ulijengwa kwa Rails, na hao wenye Rails waliitunza kazi yao humohumo. Kijana akaujaribu. Kwanza alifungua shauri akalitia tarehe ya mwaka 3012, miaka elfu moja mbele, ili waone kwamba tarehe, sifa ambayo hakuna fomu iliyomuuliza, ameigusa. Kisha mwezi huo wa Machi akajiandikisha kwa bahasha ya ziada kama mtu mwenye ruhusa katika mradi wa Rails, akaweka humo faili dogo lisilo na madhara. GitHub wakaziba tundu siku hiyohiyo, wakaifungia akaunti yake, kisha baada ya kulitafakari wakamfungulia.

Nilipokuwa kijana nilimshangilia Homakov kama watu wanavyoshangilia mpira. Leo namtazama kwa utulivu zaidi, na sioni kama alikuwa malaika. Kuna waliosema, na wana hoja, kwamba angeweza kuwaambia GitHub kwanza na kusubiri. Lakini tarehe ya mwaka 3012 haimdanganyi mtu yeyote. Alitumia mlango uleule aliotumia kijana wangu, akaingia, na ndani akasema kweli. Kwa hiyo hao wawili wana njia moja na maneno mawili tofauti, na ndiyo maana napata tabu na kanuni inayoadhibu njia.

Jambo jingine katika habari ile ndilo linalonigusa mimi fundi. Kabla mwezi haujaisha Rails walitoa toleo ambalo programu mpya inaanza na karani mwenye orodha, na mwaka uliofuata, katika toleo la 4, wakalazimisha ruhusa itajwe pale pale fomu inapopokelewa. Yaani wale waliosema ni jukumu la fundi walikubali, kwa vitendo, kwamba namna unavyomkabidhi mtu chombo ni sehemu ya jukumu. Panga lililouzwa bila ala si sawa na lililouzwa ndani ya ala, hata kama chuma ni kilekile. Ningependa kujificha nyuma ya hilo, niseme hata mimi nilikabidhiwa kiunzi kilicho wazi, Spring nayo ilikuwa inapokea kila kitu. Ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimesoma habari ya Homakov miaka minne kabla. Sina pa kujificha.

Spring wenyewe wana kisa chao, na nakipenda kwa sababu kinaonyesha aina mbili za katazo. Katika Java kila kitu kinaujua ukoo wake. Ni sifa ya kuzaliwa nayo, hata kama fundi hakuiandika. Mwaka 2010 iligundulika kwamba mtu wa nje anaweza kutuma bahasha iliyoandikwa njia, si jina tu: nenda kwenye kitu, toka hapo kwenye ukoo wake, toka hapo kwenye mtambo unaopakia programu zenyewe. Na karani, kwa bidii yake, anakwenda. Wakaikataza njia hiyo kwa kuitaja. Mwaka 2017 Java toleo la 9 likaleta moduli, na ukoo ukapata mlango wa uani: toka ukoo nenda moduli, toka moduli nenda kwenye mtambo uleule. Njia hii haikuwa imetajwa, kwa kuwa ilipokuwa inaandikwa ile orodha ya makatazo haikuwapo duniani. Mwisho wa Machi 2022 ulimwengu wa mafundi ukashtuka, tundu likapewa jina la Spring4Shell, na matoleo ya 5.3.18 na 5.2.20 yakatolewa haraka kuliziba. Miaka 12 kati ya tundu la kwanza na ndugu yake! Ushauri wa wenye Spring wenyewe ni kutaja visanduku vinavyoruhusiwa, badala ya kutaja vinavyokatazwa.

Hapa moyo wangu unagawanyika. Katika mambo ya nchi mimi ni mtu wa msimamo wa pili: lisilokatazwa liruhusiwe. Sitaki kuishi mahali ambapo ni lazima niwe na kibali kwa kila hatua. Mbona basi kwa karani wangu ninataka kinyume, lisiloruhusiwa likatazwe? Nilidhani nimejikanganya, nikalala nalo siku nyingi. Jibu nililolipata, nalitoa kwa woga, ni kwamba uhuru wa watu unategemea kuwapo kwa mtu anayeweza kushangaa. Karani wa kweli ukimpelekea bahasha imeandikwa NIMESHALIPA, atakutazama usoni. Atasema, "Wewe, hii nani kakuomba?" Hakuna sheria iliyomkataza kuipokea, ni mshangao wake tu. Karani wangu hana mshangao. Asiye na mshangao hawezi kuachiwa uhuru, na anayemwajiri hana budi kushangaa kwa niaba yake, mapema, kwa maandishi, kisanduku kwa kisanduku. Mimi nililipwa fedha nishangae, sikushangaa.

Isitoshe huyu karani anayepokea uongo ndiye anayekataa ukweli. Bibi yangu mzaa mama alipokwenda kuandikishwa aliulizwa tarehe ya kuzaliwa. Akasema alizaliwa mwaka wa njaa, wakati mihogo imekauka, mtoto wa pili baada ya mapacha. Ndiyo tarehe yake, na kila mtu kijijini aliijua kuliko unavyoijua ya kwako. Kisanduku kikakataa, kilitaka siku, mwezi na mwaka. Mwandikishaji akampa tarehe 1 Januari, kama walivyopewa wazee wengi, na bibi akafa akiwa na siku ya kuzaliwa aliyotungiwa. Yeye alisema kweli ikakosa kijumba. Kijana alisema uongo ukakipata. Nikiitwa tena kueleza mfumo ni nini, nitaanza na hao wawili.

Swali linalonisumbua sasa ni dogo na la aibu. Je, nikisema leo, namsaidia nani? Yule kijana, ambaye kwa sasa ni mtu mzima, nasikia ana kibanda cha kutengeneza simu na kazi yake inasifika. Mwaka wake haurudi. Mke wangu aliniuliza, bila ukali, kama nataka kumsafisha yeye au kujisafisha mimi, nikashindwa kumjibu mezani. Nadhani ni vyote viwili na sioni jinsi ya kuvitenganisha. Lakini kwenye faili lake pameandikwa kwamba alivunja mfumo, na siku akiomba kurudi shule au kazi itakayouliza chuo, faili litasema hivyo. Sifa ile kwenye kitu kile niliiandika mimi. Hakuna fomu atakayopewa yeye ya kuifuta.

Kwa hiyo mwezi uliopita niliandika barua, ukurasa mmoja na nusu, nikaeleza kisanduku cha nne, mstari uliokosekana, na neno nililolisema Alhamisi ile. Nilipanda basi nikaipeleka kwa mkono. Mama mwenyekiti amekwisha kustaafu. Masijala nilimkuta dada mmoja, akaipokea, akasoma kichwa cha barua, akarudia kukisoma.

"Kaka, mbona hii ni ya 2016?"

Nikamwambia ndiyo, ni ya 2016.

"Na wewe ni nani yake? Mzazi?"

Nikasema hapana, mimi ndiye niliyetengeneza ule mfumo. Akaiweka barua chini, akanitazama kwa muda. Kisha akasema hawana faili la barua za namna hii, ila ataipeleka kwa msajili mwenyewe. Akaipiga muhuri, akanipa nakala, nikaenda stendi.